Kuzeesha zege kwenye kompyuta: shajara ya gati moja dogo kaskazini ya Tanga

2 Februari 2025

Gati lenyewe ni dogo, nguzo 8 tu, lilimwagwa Agosti 1993. Wavuvi hushushia samaki hapo. Wamenipa swali moja: lori dogo la barafu likipanda juu, litashuka salama? Hesabu ya uzito wa lori si ngumu. Ngumu ni kujua nondo zimebaki na unene gani ndani ya nguzo, na hilo silijui mpaka nijue kutu ilianza lini. Kwa hiyo naandika modeli: programu fupi ya Python ya kulirudisha gati hili mpaka 1993, halafu kulizeesha upya mwaka kwa mwaka.

Kwa atakayesoma bila kuwa mtu wa fani: zege jipya lina besi kali, pH yake kama 12.5 hadi 13, na ndani ya hali hiyo nondo hujivika utando mwembamba mno unaoizuia isishike kutu. Kinachoutoboa utando huo pwani ni kloridi, ile ile ya chumvi ya chakula. Lita moja ya maji ya bahari ina gramu 19 hivi za kloridi. Inapenya polepole kupitia vitundu vya zege, na siku itakapofika kwenye nondo kwa wingi wa kutosha, utando unatoboka. Kyösti Tuutti alichora mchoro wa jambo hili mwaka 1982 na mpaka leo ndio tunaotumia: mstari unalala chini miaka kadhaa (chumvi iko njiani), kisha unapanda (kutu inakula). Kazi yangu kubwa ni ule mstari uliolala. Una urefu gani?

Kanuni ya upenyaji ni ya Adolf Fick, 1855. Hakuwa mhandisi, alikuwa mtaalamu wa mwili wa binadamu, na majaribio yake yalikuwa ya chumvi ya kawaida ikisambaa kwenye maji. Zege lenye nondo lilikuwa ndiyo kwanza linajaribiwa. Nampenda kwa hilo.

14 Februari

Bamvua, siku za maji makubwa ya mwezi. Maji yalipwa vizuri, saa nne asubuhi nguzo zote zilikuwa wazi hadi kwenye matope. Nilikuwa na kifaa cha kuazima cha kupimia kava, yaani unene wa zege unaoifunika nondo. Unakipitisha juu ya nguzo kama mtu anayepiga pasi, kinalia kikiikuta nondo.

Palipoharibika ni pale pale ningepategemea. Sehemu iliyo chini ya maji saa zote iko salama kiasi, maana kutu inahitaji oksijeni na huko ni haba. Balaa iko katikati, kwenye ukanda wa kujaa na kupwa. Unalowa, unakauka, maji yanaruka chumvi inabaki, kesho tena, hivyo hivyo kwa miaka 32. Nguzo namba 3 imepasuka kwa urefu upande wa baharini, ufa unaingia kidole, na bonge la zege ukubwa wa ndoo limeshadondoka. Nondo ya milimita 16 iliyojitokeza nimeipima kwa kalipa baada ya kuikwangua: milimita 11 na kidogo.

Kava za nguzo hiyo hiyo: upande wa baharini milimita 18, upande wa nchi kavu 62. Jumlisha, gawa kwa 2, unapata 40. Kwenye karatasi ni nguzo isiyo na kasoro yoyote.

Nimechukua kipande cha bonge lililodondoka. Ndani yake, mbali kabisa na uso wa nguzo, kuna ganda la kombe dogo kama ukucha wa mtoto. Mchanga wa pwani. Nikajisemea, kesi imekwisha, mwizi kakamatwa siku ya kwanza.

20 Februari

Toleo la kwanza la modeli, bila kipimo chochote cha chumvi, kwa makadirio ya vitabuni tu. Kuna kanuni inayotumika sana inayokadiria kasi ya upenyaji kutokana na uwiano wa maji na saruji. Nimekadiria uwiano wa 0.6 kwa kulitazama zege lenyewe, maana lina vitundu vingi na linavunjika kama sukari guru. Kanuni hiyo imekadiriwa kwa nyuzi 20. Hapa kwetu wastani ni kama 27, na joto huharakisha upenyaji: nyuzi 7 hizo peke yake zinaongeza kasi kwa karibu asilimia 40. Hili watu wengi wanalisahau wanapochukua jedwali la nchi za baridi na kulibandika pwani yetu.

Kasi pia hushuka kadiri zege linavyokomaa. Ukiweka kipeo cha kukomaa (namba ya kuonyesha kasi inashuka upesi kiasi gani) cha 0.2, ambacho ndicho cha saruji ya kawaida isiyo na pozolana, yaani majivu ya volkano au mfano wake, wastani wa miaka 32 unatoka karibu milimita za mraba 400 kwa mwaka. Maana yake gati hili lingekuwa limeshakwisha nikiwa shule ya msingi. Lakini limesimama, na asubuhi ile nilikuwa juu yake na watu kumi na vikapu vya dagaa. Modeli ina makosa, au mimi.

1 Machi

Bamvua tena, ya mwezi mwandamo. Ramadhani inaanza kesho kwa hiyo nimejitahidi kumaliza kuchoronga leo. Kushika mashine ya kutoboa juani na funga si mchezo.

Utaratibu: unatoboa milimita 10, unakusanya unga wote kwenye karatasi, unafunga, unaandika. Unasafisha tundu kwa pampu ya baiskeli. Unatoboa 10 nyingine. Mpaka milimita 80. Matundu matatu kwa kila kina, maana ncha ikikutana na kokoto kubwa unga unakuwa wa jiwe si wa zege, na jiwe halina chumvi. Vijana waliokuja kutazama waliona nafunga unga kwenye vikaratasi, mmoja akauliza kwa sauti kama polisi wanajua. Hiyo imeshakuwa utani wa gati.

Nimechukua pia sampuli ya kulinganisha: msingi wa kibanda cha mizani, kama mita 40 kutoka majini, uliomwagwa siku zile zile kwa mchanga ule ule. Huko nimekwenda sentimita 10 ndani, ambako upepo wa bahari hauwezi kuwa umefikisha chumvi.

Juu ya sehemu iliyovunjwa upya nimenyunyiza fenolfthalini, dawa inayogeuka pinki penye besi, kuona kama hewa ya ukaa nayo imeingia na kuiua besi hiyo. Zege likageuka pinki ya zambarau karibu lote, isipokuwa utepe wa milimita 3 au 4 juu. Zege lenye unyevu muda wote halipitishi hewa ya ukaa kirahisi. Hilo naliweka kando.

8 Machi

Majibu ya maabara. Rafiki yangu amepima kwa nitrati ya fedha, tone kwa tone, jioni tatu mfululizo baada ya kufuturu, na sijui nitamlipa nini.

Milimita 10 za juu zina chumvi kidogo kuliko zinazofuata. Kwa mara ya kwanza ukiona utadhani vikaratasi vimechanganywa. Sivyo: mvua huosha ngozi ya nguzo, na karibu na uso chumvi husafiri na maji yanayonyonywa na kutolewa, haifuati kanuni ya Fick. Sampuli hizo nimezitupa. Kuanzia hapo mkunjo umelala vizuri: asilimia 0.37 ya uzito wa zege kwenye kina cha milimita 15, 0.27 kwenye 35, 0.18 kwenye 55, 0.12 kwenye 75.

Kasi ya upenyaji inayotoka humo ni milimita za mraba 69 kwa mwaka. Ya kitabuni ilikuwa 400. Kitabu kimezidisha karibu mara sita! Sehemu ya sababu naiona: kanuni ile inadhani zege limelowa wakati wote, wakati nguzo hizi hukauka mara mbili kwa siku. Tangu leo natumia nilichopima.

Sampuli ya kibanda cha mizani: 0.02. Ndiyo ile kombe. Chumvi ilikuwamo kwenye mchanganyiko tangu siku ya kwanza. Nikiingiza 0.02 hiyo kwenye modeli kama chumvi ya kuzaliwa, kasi inashuka kutoka 69 hadi 60, na mkunjo unakaa juu ya nukta vizuri zaidi. Kwa hiyo 60.

Kiwango ambacho chumvi huanza kutoboa utando nimeweka asilimia 0.06 ya uzito wa zege. Hakuna anayeweza kukuapia namba hiyo. Inabadilika na saruji, unyevu, hata jinsi nondo ilivyokuwa imeshika kutu kabla ya kumwagiwa zege.

15 Machi

Nimemtembelea fundi aliyesimamia kumwaga nguzo hizi. Ni mzee sasa, anakaa kwa mwanawe. Niliamua mapema nisimwambie modeli inasema nini kabla sijasikia anachokumbuka yeye, nisije nikamlisha majibu.

Shikamoo, marahaba, habari za funga. Nikamuonyesha picha ya nguzo ya 3.

"Hiyo," akasema bila kuuliza namba. "Hiyo tulimwaga usiku."

Ilikuwaje? Kokoto zilichelewa. Maji ya kupwa ya asubuhi yakapita wamekaa bure. Yakabaki ya saa nne usiku, na bamvua ikikupita unangoja wiki mbili, na msimamizi alishasema mtu halipwi mpaka nguzo zisimame. Wakamwaga kwa taa za karabai. Biskuti, vile vipande vya zege vinavyotenganisha nondo na mbao, zilikuwa zimeisha kwenye nguzo za kwanza. "Tukaweka vijiwe. Kijiwe si biskuti, mwanangu, unaposindilia zege kinateleza. Asubuhi mbao zimefungwa, utajua nondo zimelalia wapi?"

Kava waliyoambiwa ilikuwa ngapi? Inchi moja na nusu, karibu milimita 40.

Maji ya kuchanganyia? Ya kisima, walibeba kwa mtumbwi. Mchanga? Akanyamaza, akacheka. "Mchanga tuliukuta pale pale."

Ufa wa kwanza aliuona lini? Hapo hakusita: mvua za El Niño, nguzo ya 3 ilikuwa na mstari wa kahawia unaochuruzika. Hiyo ni mwisho wa 1997 kuingia 1998. Nguzo ya 6 anakumbuka ilipasuka mwaka ambao mjukuu wake wa kwanza alianza darasa la kwanza. Tukahesabu: 2002.

Alipomaliza akaniuliza mbona majumba ya Warumi yapo mpaka leo, amesikia redioni. Nikamwambia kuba la Pantheon pale Roma lina karibu miaka 1,900, ila halina nondo hata moja. Akalitafakari kidogo. "Basi ugonjwa ni chuma," akasema. Sijawahi kusikia mada hii ikifupishwa hivyo.

22 Machi

Leo nimeiendesha modeli kwa namba zote nilizonazo. Muda wa chumvi kufika kwenye nondo:

Kava ya 40, waliyoambiwa waweke: miaka 2.9.
Kava ya 18, nguzo ya 3 upande wa baharini: miezi 5.
Kava ya 45, nguzo ya 6: miaka 3.9.
Kava ya 62, mgongo wa nguzo ya 3: zaidi ya miaka 8.

Nguzo ya 3: miezi 5 tangu Agosti 1993, kisha ufa mwisho wa 1997. Kwa hiyo kutu ilichukua kama miaka 4 kupasua zege. Inaeleweka, kwa sababu kutu hujaa mara 2 hadi 6 ya chuma ilichotoka, na zege, hata liwe na nguvu kiasi gani likibanwa, likivutwa lina kama sehemu ya kumi tu ya nguvu hiyo. Nikachukua miaka 4 hiyo na kuipa nguzo ya 6: 1993, jumlisha 3.9, jumlisha 4. Inaangukia nusu ya pili ya 2001. Mzee alisema 2002.

Nilisimama nikazunguka chumba. Halafu nikakaa tena, maana nguzo mbili na kumbukumbu ya mtu mmoja si ushahidi wa kumpeleka mtu mahakamani. Lakini ningekuwa mwongo nikisema sikufurahi.

Sasa ile kesi niliyoifunga tarehe 14 Februari. Nimeondoa chumvi ya mchanga kwenye modeli, vingine vyote vikabaki. Kava ya 40 inakwenda kutoka miaka 2.9 hadi 3.9. Mchanga wa pwani umeiba mwaka mmoja. Kijiwe kilichoteleza kimeiba miaka miwili na nusu kati ya mitatu. Nilikuwa nimeshaandika nusu ya ripoti yenye kichwa cha mchanga, nimeifuta. Simtetei mwenye kutumia mchanga wa bahari, na penye nyumba ya nchi kavu hesabu ingekuwa nyingine kabisa kwa kuwa huko chumvi ya kuzaliwa ndiyo pekee iliyopo. Ila kwenye maji haya, bahari yenyewe inaleta chumvi nyingi kiasi kwamba mchanga ni mdokozi mdogo.

Sababu ni jinsi muda unavyoruka kava ikiongezeka. Fick peke yake anasema ukizidisha kava mara 2, muda unazidi mara 4. Ukiongeza na zege kukomaa kwa kipeo cha 0.2, unazidi mara 5 na nusu na zaidi. Nimerusha kete mara 10,000 kwa njia ya Monte Carlo, nikibahatisha kiwango cha chumvi cha kutoboa utando, kasi, chumvi ya juu ya uso wa nguzo na kava kila moja kwa mtawanyiko wake. Kava ndiyo inayotawala mtawanyiko wa majibu. Kila kitu kingine kinaisindikiza.

Na bado kuna jambo chungu zaidi: hata kama biskuti zingetosha, zege hili lingewapa miaka 3. Maji mengi, saruji chache, kava ya ndani ya nyumba ikapelekwa baharini.

30 Machi

Nguzo ya 4 inanisumbua. Ilikarabatiwa 2009: walichokora palipopasuka, wakasugua nondo, wakapiga plasta nzito. Kazi ya plasta ni safi, mpaka leo haina ufa. Lakini sentimita 10 juu ya kiraka kuna mpasuko mpya mbichi, mahali ambapo kava ni 50 na hapakuwa na dalili yoyote kabla ya ukarabati.

Nimetengeneza kipimo cha umeme wa kutu: bomba dogo la plastiki, waya wa shaba, maji yaliyoshiba mrututu, na kipande cha mti mwororo kuziba mdomo. Mguu mmoja wa mita kwenye nondo, mwingine kwenye bomba, unatembeza bomba juu ya zege lililolowa. Kipimo kikishuka chini ya hasi milivolti 350, mazoea ya fani yanasema uwezekano wa kutu kuwa hai umezidi asilimia 90. Ndani ya kiraka: hasi 180. Juu kidogo ya kiraka: hasi 430.

Kilichotokea ni kwamba kipande cha nondo kilichokuwa kikioza kilikuwa kikiwakinga majirani zake, kikitoa elektroni kikala hasara peke yake. Fundi wa 2009 alimponya mgonjwa yule, majirani wakabaki bila kinga ndani ya zege lile lile lenye chumvi. Sasa nondo iliyo ndani ya kiraka, safi na salama, ndiyo inayochochea kutu ya iliyo nje.

Modeli yangu haijui lolote kuhusu hili. Inatazama mstari mmoja kutoka uso wa nguzo kwenda kwenye nondo, haioni kwamba nondo ni waya mmoja mrefu unaopeleka habari huku na huku. Kuiongezea umeme ni kazi ya miezi, na siianzi kwa ajili ya lori la barafu. Nimeandika tu ndani ya programu, kwa herufi kubwa: USITUMIE PALIPO NA KIRAKA.

Usiku nilikuwa nasoma tena kuhusu daraja la Morandi pale Genoa, lililofunguliwa 1967 na kuanguka 14 Agosti 2018, watu 43 wakafa. Nyaya zake za chuma zilikuwa zimevikwa zege. Zege lililokusudiwa kuzikinga ndilo lililowaficha wakaguzi wasizione. Nikaamka saa nane nikawaandikia wavuvi ujumbe kwamba mpaka nikija mtu asipandishe hata bajaji.

13 Aprili

Masika imeshika. Kikao na kamati ya wavuvi chini ya bati, hatusikiani kwa mvua. Jibu langu: lori hapana. Mikokoteni ndiyo, mmoja mmoja, upande wa kusini usiobebwa na nguzo ya 3 na ya 4. Mwenyekiti akauliza kama nikipiga plasta nzuri zaidi ya ile ya 2009. Nikamchorea kiraka na mpasuko juu yake kwenye mchanga kwa kijiti, akaelewa haraka kuliko wanafunzi wengi niliowahi kuwafundisha.

Tunachofanya: nguzo 3 na 4 zinategemezwa kwa magogo, zege lote lenye chumvi kwenye ukanda wa maji linatolewa mpaka nyuma ya nondo, nondo zilizoliwa zinaongezewa mpya, kisha zinavikwa zege jipya. Uwiano wa maji 0.4, saruji yenye pozolana nyingi, mchanga wa mto, kava milimita 75. Nikiiwekea pozolana kipeo cha kukomaa cha 0.5, modeli inatoa karibu miaka 40 kabla chumvi haijafika kwenye nondo. Nimewaambia 25, kwa sababu sitakuwapo usiku watakapomwaga.

Nguzo zingine sita zinabaki kama zilivyo, na kila bamvua ya Machi na Septemba nitapita na bomba la mrututu.

14 Aprili

Mzee ameomba kuletwa. Amekaa kwenye kiti cha plastiki chini ya mwembe, vijana wanne mbele yake wanafinyanga biskuti kwa mchanganyiko ule ule wa nguzo, kila moja na waya wake wa kufungia umechomoza katikati. Anazipima moja moja kwa rula ya shule ya mjukuu. Iliyopungua milimita 75 anaitupa nyuma ya mgongo wake bila kusema neno. Zilizopita, 64 hadi jioni hii, ziko chini ya magunia mabichi, na kijana mmoja amepewa kazi ya kuzimwagilia asubuhi na jioni kwa siku 7.

Bamvua ya kumwaga ni ya mwezi mwandamo, tarehe 28 hivi. Kokoto nimezileta leo.